Ganzi iliwahi kunifanya masikio yalie, sasa naambiwa oparesheni. Nikatae sindano ya mgongo?

Shikamoo Bibi Mkunga,

Naomba unisamehe barua yangu ni ndefu maana nikishaanza kuandika kwenye simu kuacha inakuwa kazi. Mi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza mitumba ya watoto Mwanjelwa, nina miaka 27 na mimba ya pili ina wiki 36. Juzi kliniki wamenipima wakasema mtoto ametanguliza matako, nikapelekwa utrasaundi ikawa kweli, daktari akasema asipogeuka tutakupangia oparesheni wiki ya 39, utachomwa sindano ya mgongo, hutalala, mtoto akilia utamsikia. Wenzangu pale kwenye benchi wakasema bora hiyo, mimi nikaanza kutetemeka mpaka nesi akadhani nasikia baridi.

Sababu ni hii. Mtoto wa kwanza nilimzaa miaka mitatu iliyopita kwenye kituo kimoja wilaya ya jirani, sitakitaja. Nilichanika, wakati wa kushonwa nesi akanichoma ganzi, akaanza, nikawa bado nasikia uzi unavyopita, nikapiga kelele, akaongeza, bado, akaongeza tena. Nakumbuka kabisa lile bomba kubwa la mililita 10 alilijaza mara tatu kwenye kichupa kilekile, na alikuwa na haraka maana kitanda cha pili kulikuwa na mtu anasukuma. Haikupita muda mdomo wote ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, nikasikia ladha kama nimelamba sarafu, masikio yakaanza kulia ngiiiii, nikawa naongea kama mlevi na midomo inachezacheza yenyewe. Nesi akaacha kila kitu, akaniwekea oksijeni na dripu, akamwita mwenzake, kama nusu saa hivi ikaisha. Kesho yake nikauliza ilikuwa nini nikaambiwa ni uchovu na njaa. Kwenye kadi hakuna kilichoandikwa. Mama mkwe akasema damu yangu na ganzi haziendani, na hilo ndo limebaki kwenye ukoo hadi leo.

Afu kuna jambo la pili. Mwaka jana dada mmoja tuliyekuwa tunauza naye sokoni alifariki leba. Alikuwa anaongea vizuri kabisa, chupa ikapasuka, ghafla akasema siwezi kupumua, akabadilika rangi, degedege, mtoto wakamtoa, afu damu ikatoka ikawa haigandi wala haiachi. Mtaani wakasema ni ganzi, ingawa mama yake anasema hakuwa amechomwa ganzi yoyote.

Sasa shangazi wa mume wangu yuko Tukuyu anasema niende kwake, kuna bibi anageuza watoto kwa mafuta na anazalisha bila sindano hata moja. Mume wangu anasema nitakachoamua ndo hichohicho, ambayo kwa kweli hainisaidii. Naomba uniambie ukweli, je nina aleji na ganzi? Ya mgongo si ndo kali zaidi maana inaingia kwenye uti? Na nikiwaeleza ya nyuma wataniona msumbufu?

Ni mimi, Mama K wa Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa rafiki yako. Barua ndefu hainisumbui, iliyonisumbua ni ile kadi isiyoandikwa kitu.

Nianze na aleji. Mtu mwenye aleji ya dawa anawashwa, anatoka vipele au mabaka, uso na midomo vinavimba, kifua kinabana na kulia kama filimbi. Wewe hukutaja hata kimoja. Ulichotaja ni ganzi kuzunguka mdomo, ulimi mzito, ladha ya chuma, masikio kulia, ulevi, misuli kuchezacheza, tena kwa mpangilio uleule ambao mwanafunzi anayesomea dawa za usingizi anakaririshwa. Hiyo ni dalili ya ganzi kuwa nyingi kwenye damu. Ganzi kazi yake ni kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu, na ikichomwa vizuri pale pale inakaa pale pale, ila ikiwa nyingi au ikaingia kwenye mshipa wa damu inasafiri hadi kwenye ubongo, na ubongo nao ni mishipa ya fahamu mitupu, kwa hiyo unaanza kuchanganyikiwa. Ikizidi hapo mtu anapata degedege, ikizidi tena inashika moyo. Wewe uliishia kwenye ngazi za chini, na yule nesi pamoja na haraka zake aliacha kuchoma na kukuwekea oksijeni, hapo alifanya sawasawa. Kosa ni kukuambia ni njaa.

Ngoja tupige hesabu kidogo, we muuza mitumba hesabu unazijua. Ganzi ya kushonea kwetu huwa ni lignokeini, na kichupa kinachoonekana sana kimeandikwa asilimia 2, maana yake kila mililita moja ina miligramu 20. Kwa lignokeini tupu isiyochanganywa na adrenalini vitabu vinaweka kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, vingine vinafika 4 na nusu. Tuseme ulikuwa na kilo 50, kikomo chako ni 150, tukiwa wakarimu sana 225. Mabomba matatu ya mililita 10 ni mililita 30, zidisha kwa 20 unapata 600. Unaona? Hata kama kichupa kilikuwa cha asilimia 1 bado ni 300. Na mama aliyetoka kuzaa sasa hivi sehemu ile imejaa damu, dawa inanyonywa haraka kuliko ukiichoma kwenye mkono.

Sisi tulifundishwa kuipunguza kwanza, sehemu moja ya ile ya asilimia 2 na sehemu tatu za maji ya chumvi ya dripu, inakuwa nusu asilimia, hapo unapata ujazo wa kutosha kusambaza kila mahali bila kumjaza mama dawa. Unachoma huku unavuta bomba nyuma uone kama damu inaingia, ikiingia umeshika mshipa, toa. Afu unasubiri dakika 2 nzima kwa saa, ndo unabana ngozi na koleo uone kama anasikia. Hizo dakika 2 ndo zinazoibiwa kila siku. Leba ina vitanda vinne nesi yuko mmoja, huku mtu anasukuma kule mwingine anavuja, unachoma na kuanza kushona hapohapo, mama anapiga kelele, unaongeza, kumbe ile ya kwanza ilikuwa bado haijafanya kazi. Simtetei, nimefanya kazi leba miaka mingi kabla sijaenda kusomea usingizi na najua jinsi inavyotokea.

Kwa hiyo jibu langu: kwa ulivyoeleza, damu yako na ganzi hazina ugomvi, walikuzidishia. Mwambie mama mkwe taratibu maana ukoo ukishashika neno kulitoa ni kazi.

Sasa ya mgongo. Najua inavyotisha, sindano ndefu, mgongo, uti. Ila angalia kiasi. Dawa inayotumika ni bupivakeini nzito, asilimia nusu, na mama wa oparesheni anapewa kama mililita 2 hadi 2 na nusu tu, ambayo ni miligramu 10 hadi 12 na nusu. Wewe huenda ulimaliza 600 za lignokeini. Sawa, bupivakeini ina nguvu zaidi, miligramu kwa miligramu si sawa, lakini hata hivyo ni kidogo sana kiasi kwamba hata ingeenda yote kwenye damu isingekufikisha pale ulipofika. Inatosha kwa sababu inawekwa kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu yenyewe, haihitaji kutafuta njia. Na uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima unaishia juu kidogo ya kiuno, sindano inaingia chini ya hapo ambapo kuna nyuzi za mishipa zinazoelea kwenye maji, haichomi uti.

Huenda ukasikia watu wakisema bupivakeini inasimamisha moyo, wao si waongo watupu, ila wanachanganya mambo mawili. Marekani miaka ya 1970 walikuwa wanawapa wajawazito ganzi ya mrija mgongoni, ile inayokaa nje ya utando unaoshika yale maji ya mgongo na inahitaji dawa nyingi, na walitumia bupivakeini ya asilimia 0.75. Mrija ukiteleza ukaingia kwenye mshipa wa damu dawa yote inakwenda kwenye moyo, na mioyo ilisimama kweli na kuiamsha ikawa shida. Mwaka 1979 daktari wa usingizi George Albright akaandika kuonya, na 1984 mamlaka ya dawa ya kwao ikazuia ile ya 0.75 isitumike kwa wanaojifungua. Tangu hapo ganzi nyingi inatolewa kidogokidogo huku unaongea na mgonjwa.

Na kuna habari nyingine ambayo mimi binafsi naipenda. Mwaka 1998 daktari Guy Weinberg na wenzake waligundua kwenye panya kwamba yale mafuta meupe kama maziwa, ya soya, ambayo wagonjwa wasioweza kula wanapewa kwenye mshipa kama chakula, yanasaidia moyo ulioshikwa na bupivakeini. 2006 ikaandikwa habari ya mwanaume wa miaka 58 kule New York, alichomwa ganzi ya bega moyo ukasimama, wakamkandamiza kifua muda mrefu bila mafanikio, wakampa yale mafuta, moyo ukarudi. Siku hizi iko kwenye miongozo, mafuta ya asilimia 20, mililita 1 na nusu kwa kilo kwa kuanzia, kwa mtu wa kilo 50 ni kama mililita 75 zinasukumwa haraka afu dripu inaendelea. Si kila thieta inayo, na hata wasipokuwa nayo kuna oksijeni, dawa ya kuzuia degedege na mikono ya kukandamiza kifua, hivyo ndo vinaanza kwanza popote pale.

Nikueleze utakachosikia siku yenyewe ili usije ukadhani ni yale ya zamani. Utakaa umejikunja kama unachuma mboga, watakupaka dawa ya baridi mgongoni, na kama ni Juni au Julai hapa Mbeya hiyo baridi utaikumbuka kuliko sindano. Miguu inapata joto, inakuwa mizito, dakika chache haiinuki. Watakulaza umeinamia kushoto kidogo ili mimba isikandamize mshipa mkubwa wa damu. Presha inaweza kushuka, hii inatokea mara nyingi na wanaijua, dalili yake ya kwanza ni kichefuchefu na kichwa kuwa chepesi, usinyamaze ukidhani ni aibu kutapika thieta, sema hapohapo watakupa dawa ya kuipandisha. Kutetemeka nako kunatokea sana, si sumu. Wakati wanamtoa mtoto utasikia kuvutwavutwa na kubanwa, hiyo siyo maumivu. Ila maumivu makali ya kukatwa ukiyasikia sema, usijikaze kiume. Na kuna jambo adimu, ganzi kupanda juu kupita kiasi, mikono inalegea, sauti inakuwa ndogo, unaona kupumua kunakushinda. Hata pumzi moja ikiwa nzito mwambie aliyesimama kichwani kwako, kazi yake ni wewe tu, yuko na mashine ya kukupumulia na anajua la kufanya.

Baada ya hapo, kichwa kikiuma siku ya kwanza hadi ya tatu, ukikaa kinazidi ukilala kinatulia, ni maji ya mgongo yamevuja kidogo pale sindano ilipopita, rudi hospitali usimeze Panadol wiki mbili ukimsubiri shemeji aje na ushauri. Mgongo kuuma miaka na miaka kila mtu anasingizia sindano, ila kina mama wengi waliozaa bila sindano yoyote nao migongo inauma, ukibeba mtoto na ndoo ya maji mlima wa Uyole mgongo utauma tu.

Tuje kwa rafiki yako, hapa naandika kwa uangalifu maana sikuliona faili lake na wenye msiba wapo. Mtu anayeongea vizuri afu chupa ikapasuka, pumzi ikakata ghafla, presha ikaanguka, degedege, na muda mfupi damu inaacha kuganda, mkunga yeyote mzoefu akisikia hivyo anawaza maji ya chupa kuingia kwenye damu ya mama. Mwili wa mama unayapokea kwa vurugu, mapafu na moyo vinashikwa, halafu damu inapoteza uwezo wa kuganda. Ni nadra mno, nchi zinazohesabu vizuri zinapata kama mama 2 hadi 6 kwa kila 100,000 wanaojifungua, na haina kipimo cha kuitabiri wala mtu wa kulaumiwa kwamba alisababisha. Hata hospitali kubwa za Ulaya zinapoteza mama kwa hili. Mama yake anasema hakuchomwa ganzi, basi mtaa umwache marehemu apumzike.

Lakini angalia kwa nini kesi yako na ya kwake zinachanganywa, maana hapa ndo hoja yangu yote ilipo. Leba mama akianza degedege, waliopo wanawaza kwanza kifafa cha mimba, na wanapaswa kuwaza hivyo maana ndicho kinachoua wengi, wanapima presha na kuanza magnesiamu, dawa ya kuzuia hiyo degedege. Inaweza kuwa kutokwa damu, inaweza kuwa bonge la damu kwenye mapafu, inaweza kuwa hayo maji ya chupa, inaweza kuwa ganzi iliyozidi. Kila moja ina matibabu yake, na kama moyo umesimama kabisa kabla mtoto hajatoka timu ina kama dakika 4 tu kabla ya kuamua kumtoa ili mama naye apate nafasi. Katika dakika hizo anayejua historia yako anaokoa muda. Kama kwenye kadi imeandikwa kwamba ulishawahi kuzidiwa na lignokeini, mtu ataiwaza ganzi mapema na hata kabla ya hapo atapima dawa yako kwa kilo. Ikibaki tupu kama ilivyo sasa, hakuna atakayejua.

Kwa hiyo eti watakuona msumbufu? Wakuone. Kliniki ijayo usikae benchi ukisubiri kuulizwa, ukiingia tu sema, na omba uonwe na mtaalamu wa usingizi kabla ya siku ya oparesheni, si siku yenyewe umeshavaa gauni. Mwambie na kilo zako. Mwambie pia kama una tatizo la kuvuja damu, kidonda au jipu mgongoni, dawa za kuyeyusha damu, hayo yanaweza kubadilisha mpango ukalazwa usingizi kamili. Wengine wakimaliza oparesheni wanachoma ganzi pembeni ya kidonda ili usiumie jioni, hiyo ni nzuri sana ila nayo inaingia kwenye hesabu ya kilo, wakumbushe. Wakikuuliza ilikuwaje usiseme "nina aleji", maana ukisema hivyo wataogopa dawa ambayo unaihitaji, sema kama ulivyoniandikia mimi, masikio, ulimi, sarafu, mabomba matatu.

Bibi wa Tukuyu, hapana mwanangu. Namheshimu, mikono ya wale mabibi nimejifunza mengi kwayo, ila mtoto aliyetanguliza matako kichwa ndo kinatoka mwisho, kikikwama dakika chache tu umempoteza, na hapo kutoka kijijini hadi barabara ya lami ni utelezi. Kugeuza mtoto kwa mikono kupo hata hospitali, kuanzia wiki ya 37, wanafanya na utrasaundi pembeni na thieta iko tayari mtoto akichoka, muulize daktari wako kama kwao wanafanya. Na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu usiguse, nimeona mfuko wa uzazi ukipasuka. Uchungu ukianza kabla ya tarehe au chupa ikapasuka usiku, piga 115, ni bure, ndo ule usafiri wa m-mama wa kupeleka wajawazito, usisubiri bodaboda ya asubuhi.

Mume wako mpe kazi, wanaume wa "utakachoamua" wanafaa sana wakipewa kazi. Akae na kadi, ajue kundi lako la damu, atafute ndugu wawili wa kuchangia, na ashike simu ya shangazi.

Kwenye kadi waombe waandike hivi, kwa kalamu ya kuonekana: "Uzazi wa kwanza alipata dalili za sumu ya lignokeini baada ya dozi kubwa wakati wa kushonwa, alipona. Si aleji. Pima dozi kwa kilo." Wakikataa kuandika andika mwenyewe kwenye karatasi uibane na pini.

Na shangazi mwambie aje Uyole kukusaidia na mtoto mkubwa, akatae asikatae mshawishi, ila ule uji wa ulezi ambao najua atauficha kwenye chupa ya chai akupe asubuhi ya oparesheni "usiingie na njaa", huo asikupe. Chakula kinaachwa masaa 6 kabla ya oparesheni, maji matupu masaa 2 kabla. Uji aulete baadaye, nesi akisharuhusu, na atie sukari ya kutosha.

Bibi Mkunga